Simu ya Binti, Kisanduku cha Fundi Cheon

SEHEMU YA TISA

"Mama, ni nini kinachoimba ndani ya pipa la unga?"

Hapo ndipo tulipomwacha Bok Geum-rye Jumamosi iliyopita: mkono umezama kwenye unga hadi kiwikoni, mashavu yamewaka moto, na binti yake Seon-ju amesimama mlangoni na boksi jipya la simu kifuani.

Wimbo haukuwa na habari. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa zamani, wa mwanamume anayelia kwenye kituo cha treni, na ulitoka chini ya unga kwa sauti nyembamba ya mtu aliyefungiwa kabatini.

"Mimi sisikii kitu," alisema Geum-rye.

"Mama, unatingisha kichwa kwa kufuata mdundo."

Geum-rye akaacha kutingisha kichwa. Mguu ukaendelea peke yake.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo: huyu ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, mwenye mgahawa wa tambi wa meza sita sokoni, mjini Daejeon. Wateja wanamwita Mama Seon-ju. Anakanda, anakata, anachemsha na kupakua mwenyewe, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Sasa pipa lake la unga lilikuwa linaimba badala yake.

Seon-ju aliweka boksi kwenye kaunta, akakunja mkono wa koti lake la kazi, akachimba. Akaibuka na kisanduku cheupe, chembamba, kidogo kuliko kiganja. Akakipuliza. Unga ukaruka, kioo kikawaka.

"Ni simu?"

"Si simu."

"Kina kioo. Kina kamera. Kina alama ya waifai hapa juu. Halafu hakipigi simu?"

"Hakipigi."

"Wala hakipokei?"

"Wala hakipokei," alisema Geum-rye, na tabasamu likamtoroka kabla hajalishika. "Ndiyo uzuri wake."

Seon-ju alikaa chini. Mwaka ule simu janja ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kila mfuko, na yeye alikuwa muuzaji bora wa duka la simu lililo nje ya lango kuu la soko. Miezi mitatu mfululizo picha yake ilibandikwa ukutani. Leo amemkuta mama yake mzazi na kitu kisicho na laini.

"Nani kakupa?"

Geum-rye alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ya tatu, ambayo haikuwa na doa.

Ng'ambo ya kichochoro, ndani ya duka la kutengeneza redio na majiko ya wali, bisibisi ilianguka sakafuni.

"Fundi Cheon?" Seon-ju alisimama tena. "Mama! Fundi Cheon?"

"Wiki ya tatu sasa!" alidakia dada Pyo, muuza keki za mchele, kutoka kibandani kwake mlangoni. "Soko zima linajua, mwanangu. Wewe tu ulikuwa unauza simu huko."

"Dada Pyo, keki zako zinakauka," alisema Geum-rye.

"Zikauke! Haya siyapati kila siku."

Sasa Seon-ju aliitazama meza ya tatu. Meza nyingine tano zilikuwa meza za kawaida za mgahawa, zenye alama za bakuli na mikwaruzo ya vijiti vya kulia. Ya tatu iling'aa kama ya hotelini.

"Mbona hii inang'aa hivi?"

"Waifai ya mgahawa wa kahawa wa jirani," alijibu dada Pyo bila kuulizwa. "Inafika hapo tu. Fundi aliwatengenezea mashine, wakampa neno la siri. Mama yako akitaka kusoma meseji anasimama hapo na kufuta. Siku moja alifuta dakika arobaini."

Geum-rye alitaka kukasirika. Alijaribu kwa dhati. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakawa yanatikisika. Wateja wawili waliokuwa wanamalizia supu nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Seon-ju hakucheka. Alifungua boksi lake, akatoa simu nyeusi inayometameta, akailaza mezani karibu na kisanduku cheupe. Akakohoa kidogo. Akawa dukani kwake.

"Mteja mpendwa. Nyimbo?"

"Hiki kinazo," alisema Geum-rye. "Themanini na tatu."

"Hii pia. Filamu?"

"Hiki pia kinacho. Jana nimeona mbili wakati nasubiri kabichi ya kimchi ikolee chumvi."

"Meseji?"

"Hiki pia."

"Pale meza ya tatu!" Seon-ju alipiga meza. "Na ukiwa dukani kwa mboga? Ukiwa njiani? Mama, ukianguka bafuni utaburuza mwili hadi meza ya tatu?"

Hakuna aliyecheka hapo. Hata dada Pyo alirudi kupanga keki zake.

Maana ilikuwa inajulikana. Miaka sita iliyopita, mchana kama huu, simu ya mgahawa ililia wakati Geum-rye ana tambi mkononi. Sauti ya mtu asiyemjua ilimwambia kwamba mumewe ameanguka barabarani na pikipiki ya kupelekea chakula, na kwamba awahi. Aliwahi. Haikusaidia. Tangu siku ile, simu yoyote ikilia viganja vyake hulegea na kitu alichoshika huanguka. Simu ya mgahawa alikuwa ameifunga kwa taulo mbili na kuilaza chini ya kaunta, karibu na magunia ya vitunguu. Anayetaka tambi aje mwenyewe.

Seon-ju naye alikuwa ndani ya basi siku ile, simu imeisha chaji. Alipata habari saa tatu baadaye. Tangu hapo hajawahi kutoka nyumbani bila betri mbili.

Msiba mmoja, na kila mmoja aliondoka na hofu yake.

"Kesho saa mbili asubuhi nipo kwenye treni ya Busan," alisema Seon-ju, sauti imeshuka. "Wamenihamisha, unajua. Kila siku nilikuwa nachungulia dirishani nione kama unatembea. Kesho nitachungulia wapi? Nimeshaisajili hii kwa jina lako. Imebaki saini. Mkataba wa miaka miwili."

"Seon-ju..."

"Saa tisa narudi kazini. Kabla ya hapo unachagua. Simu hii, au hicho kipande cha sabuni. Ukichagua sabuni nami nitakuwa kimya, sitasema tena. Lakini jua kwamba Busan sitalala."

Geum-rye alivitazama vile vitu viwili. Kimoja kilikuwa kinamletea raha wiki tatu bila kumwita hata mara moja. Kingine kilikuwa bado hakijalia, lakini tayari viganja vilikuwa vinamlegea.

"Nipe dakika tano," alisema.

Akavuka kichochoro na aproni yake, buti za mpira miguuni, unga hadi kiwikoni.

* * *

Cheon Man-sik, miaka hamsini na minane, alikuwa ameinamia jiko la wali lililopasuliwa tumbo. Lenzi ya kukuzia ilikuwa imefungwa kwenye paji la uso. Alipomwona aliruka, lenzi ikamshukia jichoni, jicho likawa kubwa kama yai la bata.

"Umefika! Umesoma?"

"Nisome nini?"

"Nimekuandikia! Kisanduku kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye pipa la unga."

"Pipa la unga?" Fundi alishika kichwa. "Huko waifai haifiki! Sikiliza, Mama Seon-ju, kamati ya..."

"Seon-ju ameleta simu," Geum-rye alimkata. Alikuwa ameyabeba maneno yale kichochoro kizima na aliogopa yangemdondoka. "Simu yenyewe, ya kisasa. Nichague hiyo au kisanduku chako. Leo. Sasa hivi. Niambie nifanye nini."

Fundi Cheon aliweka bisibisi mezani. Akaipandisha lenzi polepole.

"Chukua simu," alisema.

Loo! Geum-rye alihisi moyo unateremka hadi ndani ya buti. Wiki tatu za nyimbo, wiki tatu za kufuta meza, na mtu anamwambia chukua simu kama anamwambia chukua chenji yako.

"Sawa," alisema. "Kisanduku nitakirudisha kikiwa safi. Nilikuwa sijui kwamba nakusumbua."

"Unanisumbua?"

"Kama umechoka ungesema tu, Bwana Cheon. Mimi si mtoto."

"Nimechoka, ndiyo!" Fundi alisema kwa nguvu, na mwenyewe akashtuka. "Nimechoka na meza ya tatu! Nakuandikia saa nne asubuhi, nasubiri wateja wale, walipe, waondoke, ndipo uje ufute meza, ndipo nijue umecheka au hukucheka. Ukiwa jikoni hupo. Ukienda kununua vitunguu hupo. Ukifika nyumbani hupo hadi kesho. Geum-rye, mimi nataka kukupata popote, hata ukiwa mbali na meza ile."

Geum-rye.

Hakusema Mama Seon-ju. Alisema Geum-rye. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa na mwanamume yeyote kwa miaka sita, na lilipotoka kwenye mdomo wa fundi wa majiko lilimwingia sikioni kama maji ya moto.

"Sema tena," alisema Geum-rye.

"Lipi? Vitunguu?"

"Hapana. Lile lingine."

"Geum-rye," alisema fundi, safari hii kwa sauti ndogo sana, na lenzi ikamshukia tena jichoni. Hakuipandisha. Walitazamana hivyo hivyo, mwanamke aliyejaa unga na mwanamume mwenye jicho la bata, wote wawili wakitabasamu kama watu waliogongwa kichwani.

"Lakini ikilia je?" alinong'ona Geum-rye. "Mimi simu ikilia, mikono yangu..."

"Najua. Nikikutafuta nitaandika, sitapiga. Utaifanya iwe kimya. Ila nitajua ipo."

Msomaji, kulikuwa na jambo fundi alitakiwa kulisema pale. Jambo la haraka, la dakika. Alikuwa amelisahau kabisa.

Aliyelikumbusha alikuja mbio.

"MAMA!"

Seon-ju alivuka kichochoro kwa miruko miwili, kisanduku cheupe mkononi, nywele zimemfunika uso.

"Nimekiweka meza ya tatu kikaanza kutetemeka! Meseji sita! Sikiliza!" Akaanza kusoma akihema. "'Mama Seon-ju, kamati inapiga simu mgahawani kwako, hupokei.' 'Mama Seon-ju, ondoa zile taulo.' 'Majaribio hayatakuwa Jumamosi, yamesogezwa hadi leo, saa tisa alasiri.' 'Mama Seon-ju, uko wapi?' 'Nimekuona umepita karibu na meza ya nne, tafadhali rudi nyuma hatua moja.'"

Akamwinulia fundi jicho.

"Na ya sita?" aliuliza Geum-rye.

"'Leo umependeza.'"

Fundi Cheon alijitumbukiza ndani ya jiko la wali hadi mabegani.

"Mama. Majaribio ya nini?"

Geum-rye alivuta pumzi. Siri aliyoificha kwa wiki tatu chini ya kilo arobaini za unga ilikuwa imefika mwisho.

"Ya kuimba," alisema. "Shindano la nyimbo la soko. Mimi ni mshiriki namba kumi na saba."

"Wewe? Unaimba?"

"Naimba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Baba yako alinioa kwa sababu hiyo. Nilinyamaza tu."

Seon-ju alimtazama mama yake kana kwamba wanakutana leo. Halafu akatazama saa yake.

"Saa tisa kasoro dakika kumi," alisema. "KIMBIA!"

* * *

Walikimbia. Geum-rye mbele na buti zake, pwaa pwaa pwaa, Seon-ju na boksi la simu, fundi nyuma na lenzi ikimgongagonga paji la uso. Wauza samaki waliwapisha. Muuza soksi aliuliza kuna moto wapi. Geum-rye alicheka njia nzima. Kila alipojaribu kuacha alikumbuka hatua moja nyuma kutoka meza ya nne, akaanza upya.

Uwanjani nyuma ya soko jukwaa lilikuwa tayari, viti vya plastiki vimejaa. Mezani alikaa Bwana Gil, mwenyekiti wa kamati, mtu aliyewahi kumfungia mjomba wake kibanda kwa sababu turubai lilizidi kipimo kwa upana wa vidole viwili.

"Namba kumi na saba," alihema Geum-rye. "Nimefika."

Bwana Gil aliteremsha kidole kwenye orodha.

"Namba kumi na saba alipigiwa simu mara tano. Hakupokea. Kanuni ya tano: mshiriki athibitishe kwa simu. Nafasi amepewa wa akiba."

"Nani wa akiba?"

Pazia la pembeni likafunguka. Dada Pyo, ambaye dakika ishirini zilizopita alikuwa kibandani na keki zake, alitokeza kichwa. Midomo ilikuwa tayari imepakwa rangi nyekundu.

"Mdogo wangu," alisema, "usinichukie. Mimi nilipokea."

"Lakini nipo hapa!" alisema Geum-rye. "Bwana Gil, mimi huyu. Jana umekula tambi kwangu. Uliongeza kitunguu!"

"Nakuona, Mama Seon-ju, na tambi zilikuwa nzuri. Kanuni haisemi aonekane. Inasema athibitishe kwa simu."

"Basi mpigie," alisema Seon-ju.

Alikuwa ameshalipasua boksi. Simu ilikuwa mkono wa kulia, karatasi ya mkataba mkono wa kushoto, kalamu mdomoni.

"Fomu inaruhusiwa kubadilishwa namba?" aliuliza huku amebana kalamu kwa meno.

Bwana Gil alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma tena. Uwanja mzima ulimngoja.

"Inaruhusiwa," alisema kwa huzuni, "kabla wa akiba hajapanda jukwaani."

"Bado sijapanda," alisema dada Pyo. Akautazama mguu wake, uliokuwa umeshakanyaga ngazi ya kwanza. Akaurudisha chini. "Bado. Fanyeni haraka kabla sijabadili mawazo, maana nimependeza."

"Mama. Saini hapa."

Geum-rye alisimama. Kisanduku cheupe alikuwa nacho sasa, kimerudi kiganjani kwake, chepesi, kimya, kinachomjua. Na kuna karatasi. Miaka miwili ya kuweza kuitwa na mtu yeyote, saa yoyote, kwa habari yoyote.

Alimtazama binti yake. Alikuwa amemnyooshea kalamu.

Akaichukua, akasaini juu ya mgongo wa fundi Cheon, aliyeinama bila kuambiwa.

Seon-ju alipiga simu dukani kwao, akasema maneno matatu, na laini ikafunguka. Bwana Gil, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni, aliisoma namba mpya kwenye kipaza sauti, tarakimu moja moja, mara mbili, uwanja mzima ukisikia. Halafu akapiga.

Simu ikalia.

Viganja vikalegea. Ilikuwa sauti nyingine, ya kisasa, ya kuchezacheza, lakini mwili wake haukujua tofauti. Ulirudi ule mchana wa tambi mkononi, na mvuke, na sauti ya mtu asiyemjua. Simu ilianza kuteleza kwenye vidole.

Seon-ju aliidaka kwa chini, akaufunika mkono wa mama yake kwa mkono wake. Hakumwambia haraka.

"Mama, nitazame. Mimi nipo hapa. Fundi yupo hapa. Watu wako wote wako ndani ya hatua tatu. Leo hakuna habari mbaya inayoweza kutoka humu."

Simu ililia. Ikalia tena.

Geum-rye alimtazama Seon-ju, akamtazama fundi. Akapeleka kidole kwenye kioo.

Kioo hakikusikia. Kidole kilikuwa na unga.

"Futa!" walipiga kelele watu mia mbili.

Akafuta kidole kwenye koti la kazi la muuzaji bora wa duka, mstari mweupe kutoka begani hadi mfukoni, akapangusa kioo.

"Haloo?"

"Haloo," alisema Bwana Gil, amesimama umbali wa bakuli moja kutoka kwake, simu sikioni, uso mkavu. "Naongea na mshiriki namba kumi na saba?"

"Unaongea naye."

"Unathibitisha kushiriki?"

"Nathibitisha!"

"Asante. Siku njema."

"Na kwako pia!"

Uwanja ulilipuka. Hata dada Pyo alipiga makofi, ingawa rangi ya midomo ilikuwa imemgharimu.

Basi Geum-rye akamwachia fundi aproni, akapanda jukwaani na buti. Aliimba ule wimbo wa kituo cha treni, uliokuwa unalia chini ya unga, ila kooni kwake haukulia. Alikuwa na furaha mno kuulilia. Aliuimba kwa kasi kidogo, akicheka kwenye mistari ya huzuni, na kwenye kiitikio alisahau maneno mawili akaweka "vitunguu" badala yake, na mtu mmoja tu uwanjani ndiye aliyejua kwa nini. Mtu huyo alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, lenzi kwenye paji la uso, akilia kama mtoto.

Kengele ililia mara tatu. Amepita! Fainali Jumamosi!

Aliposhuka Seon-ju alimkumbatia hadi unga ukawa umeenea kwa wote wawili.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unachungulia kama natembea tu." Geum-rye akaufungua mkono wa binti yake, akakiweka mle kisanduku cheupe. "Simu nimechukua, unipate ukinitaka. Hiki nenda nacho Busan."

"Mama, mimi nina simu tatu."

"Ndiyo maana. Jioni ukishafunga duka, zizime zote tatu, usikilize hiki. Hakuna atakayekuita. Utaona raha yake." Akamgeukia fundi. "Bwana Cheon, unaruhusu?"

Fundi aliinamisha kichwa mara nne. Seon-ju alikitazama kile kitu kisicho na laini, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na hapo ndipo muuzaji bora alipoanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Simu ikalia.

Geum-rye aliitazama. Namba hakuijua. Viganja vilianza kulegea, akavikaza. Ameshaweza mara moja. Ataweza mara mbili. Akapangusa kioo kwa kidole safi, akajishangaa, akatabasamu.

"Haloo?"

"Umeimba vizuri, mwanangu," ilisema sauti ya bibi mzee. "Namba nimeisikia kwenye kipaza sauti. Nimekaa mstari wa tatu."

"Asante sana, mama. Nani mwenzangu?"

"Huyo fundi anayekushikia aproni. Amekuambia hajawahi kuoa?"

Soko zima la Daejeon lilijua kwamba Cheon Man-sik hajawahi kuoa. Alikuwa amewaambia mwenyewe.

"Usimtazame yeye," ilisema sauti, taratibu, bila hasira. "Nitazame mimi. Mimi ni mama mkwe wake. Nimevaa kofia nyekundu."

Geum-rye aliinua macho, akahesabu mistari. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Kofia nyekundu zilikuwa mbili.